Maana Aliyoiandika Ubaoni

Wanafunzi walimpa jina la Kamusi, na mwalimu Wekoye alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mwaka ule wa 1986 alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, akifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Kitale, na sifa zake zilikuwa zimefika hata shule za jirani: hakuna neno la Kizungu linaloweza kumshinda. Walimu wenzake walipokwama walimfuata. Hata mwalimu mkuu, akiandika barua ya kwenda wizarani, alimwita kwanza aipitie.

Kwa hiyo Chepkemei wa kidato cha nne alipoinua mkono Jumanne moja, kipindi cha tatu, Wekoye alitabasamu kabla hata ya kulisikia swali.

Chepkemei alikuwa binti wa mjane mmoja wa Kapsokwony, juu kule mlimani. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na aliandika kila kitu. Mwalimu akikohoa, wenzake walimtania, Chepkemei anaandika. Siku hiyo alikuwa ameshika kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa sukari dukani. Gazeti lilisimulia habari za mama mmoja mjane aliyekuwa na *effrontery* ya kusimama mbele ya madiwani na kudai kiwanja chake.

"Mwalimu, hili neno *effrontery* maana yake ni nini?"

Wekoye alikuwa amewahi kukutana nalo mahali fulani. Alilijua kama mtu anavyoijua sura aliyoiona mara moja kwenye umati. Kitu ndani yake kilimwambia, sema hujui, sema utawaletea kesho. Lakini wanafunzi arobaini na wawili walikuwa wamemkazia macho, na mmoja nyuma alikuwa tayari anacheka chini chini, "Leo Kamusi amepatikana."

"Lisikilizeni neno lenyewe," akasema. "Ndani yake kuna *front*. Mbele. Huyu mama alisimama mbele ya wakubwa, hakurudi nyuma hata hatua moja. *Effrontery* ni ujasiri mkubwa."

Akaugeukia ubao, akaliandika neno kwa mwandiko wake mzuri, na maana yake kando. Darasa zima likanakili. Chepkemei akalipigia mstari kwa rula.

Saa kumi jioni, walimu wengine walipokuwa uwanjani wakiangalia mpira, Wekoye aliingia chumba cha walimu na kuifungua kamusi kubwa iliyokuwa imetoka jalada. Alilipata neno. Akalisoma mara tatu, akaona masikio yakiwaka moto. Si ujasiri hata kidogo. Ni ukavu wa macho. Ni ufidhuli wa mtu asiye na haya, anayefanya jambo la aibu na bado anakutazama usoni. Gazeti halikuwa likimsifu yule mjane. Lilikuwa likimtukana.

Alifunga kamusi. Nitawarekebisha kesho, alijiambia. Si kitu kikubwa. Nitasema tu, jana niliteleza.

Kesho yake aliingia darasani na maneno hayo yakiwa tayari mdomoni. Kabla hajaweka vitabu mezani, kiranja akasimama: "Mwalimu, Chepkemei leo alikuwa na *effrontery*! Amejibu maswali yote ya historia, hata yale yaliyowashinda wavulana!" Darasa likapiga makofi. Chepkemei akainamisha kichwa kwa haya, huku akicheka. Wekoye alisimama pale na chaki mkononi, na yale maneno yakarudi tumboni. Alisema, "Vizuri sana. Fungueni ukurasa wa sitini."

Baada ya hapo ilikuwa Alhamisi, kisha wiki iliyofuata, kisha mitihani. Alijituliza kwamba neno lenyewe ni la nadra. Nani atalitumia kule vijijini? Litakufa lenyewe.

*

Matokeo yalipotoka, Chepkemei alikuwa amepita vizuri kuliko wasichana wote wa shule ile. Alitaka kuwa nesi. Aliomba nafasi katika chuo kimoja cha wauguzi karibu na Bungoma, akaitwa kwa usaili, na Wekoye mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya sifa.

Wiki ya usaili mvua ilinyesha mlimani bila kupumzika, na barabara ya kushuka kutoka Kapsokwony ikakatika. Chepkemei alitembea kwenye matope mpaka Chwele, akalala kwa watu wa kanisa, akapata lori la mahindi lililomfikisha Bungoma. Alikuwa amechelewa siku mbili. Wasaili walisema mlango umefungwa. Ila metroni, mkuu wa wauguzi, mama mmoja mkali aliyeitwa Mwihaki, alimwona amekaa kwenye ngazi na viatu mkononi, akauliza habari zake, akamwingiza ofisini na kumsaili peke yake. Alipomaliza alimwambia nafasi anayo, arudi Septemba na blanketi mbili.

Wasaili wengine walimnung'unikia metroni. Walisema kuna kitu amepewa, si bure. Chepkemei hakuyajua hayo. Alirudi nyumbani akiwa amejaa shukrani, na akafanya kile alichofundishwa kwamba watu wastaarabu hufanya: akaandika barua. Aliandika kwa Kiingereza chake bora kabisa. Alimwambia metroni kwamba hatasahau maishani *effrontery* aliyoionyesha. Kwamba wengine waliogopa, lakini yeye metroni alikuwa na *effrontery* ya kumchukua msichana aliyekuja kwa kuchelewa.

Barua ilirudi baada ya wiki mbili. Neno lile lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mahali pote pawili. Chini metroni alikuwa ameandika kwamba nafasi amepewa mwingine, na kwamba msichana anayemtukana mkubwa wake kabla hajaingia chuoni, hawezi kuachiwa mgonjwa.

*

Walikuja kwa Wekoye siku ya Jumamosi, Chepkemei na mama yake Jelimo, pale Kibomet alipokuwa amepanga chumba. Alikuwa nje akifua. Aliwaona wakikata kona ya kinyozi, mama mbele, binti nyuma, na kwa jinsi walivyotembea alijua kuna jambo.

Aliwakaribisha ndani, akawapa viti, yeye akaketi kitandani. Jelimo hakutaka chai. Alifungua kitambaa alichofungia barua na kumpa kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi sijui Kizungu. Huyu anasema ameandika asante. Mwenye shule anasema ametukanwa. Wewe unajua. Soma, halafu uniambie ukweli."

Wekoye alisoma. Hakuhitaji kusoma, yale maduara mekundu aliyaona kabla hajaikunjua karatasi vizuri. Hata hivyo alisoma mpaka mwisho, polepole, apate muda.

"Hilo neno," Jelimo akauliza, akilielekezea kidole bila kuligusa. "Ni matusi?"

"Ndiyo, mama," akasema Wekoye. "Ni neno baya."

"Baya namna gani?"

"Ni kumwambia mtu hana haya. Kwamba macho yake ni makavu."

Jelimo alimgeukia binti yake, kisha akamrudia mwalimu. "Na nani alimfundisha kumwambia mtu mzima hivyo?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Miaka yote iliyofuata Wekoye aliikumbuka namna bomba la maji la jirani lilivyokuwa likitiririka nje, na Chepkemei akimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyesimama mahali anangojea mwenzake afike. Alikuwa na hakika mwalimu angesema.

"Watoto wanasoma magazeti siku hizi, mama," akasema Wekoye. "Wanaokota maneno huko."

Chepkemei aliyashusha macho, akayaweka sakafuni, na hakumtazama tena. Angeweza kusema, ni wewe, nina daftari nyumbani. Lakini alikuwa amelelewa kutobishana na mwalimu mbele ya mzazi, na sasa mwalimu alikuwa amejificha nyuma ya malezi hayo.

Jelimo alisimama, akaikunja ile karatasi, akaifunga tena. "Asante, mwalimu. Pole kwa kukusumbua." Mlangoni akamwambia binti yake kitu kimoja kifupi kwa Kisabaot, lugha ya kwao. Wekoye hakukielewa, lakini aliuona mgongo wa msichana ukikipokea.

Wiki iliyofuata alifunga safari mpaka Bungoma kumweleza metroni. Alifika mpaka getini. Askari akamuuliza anamtaka nani, na Wekoye, amevaa tai na shati lake bora, akasikia sauti yake ikisema amepotea, anatafuta njia ya kwenda sokoni. Askari akamwonyesha. Akaifuata njia hiyo kama kweli.

*

Miaka ikapita. Alioa; mkewe Jentrix alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na walipata watoto watatu. Alipanda cheo. Jina la Kamusi lilimfuata kila shule, na kila alipolisikia alihisi kitu kama mchanga kwenye meno. Alikuwa mwalimu mzuri. Aliandaa masomo yake mara mbili mbili, na hakuna mwanafunzi aliyempata tena bila jibu. Hilo halikumsaidia. Ukaja pia mwaka wa vita, watu wa mlimani na watu wa chini wakachomeana nyumba, na Wekoye aliposikia Kapsokwony ikitajwa kwenye redio alizima. Jentrix alidhani ni kwa sababu ya Wabukusu wenzake waliofukuzwa huko. Kwa kiasi ilikuwa hivyo. Lakini kwanza alimfikiria yule mama na kile kitambaa.

Mwaka wa 1995 alihamishiwa Bungoma kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Siku ya soko alikwenda Chwele kununua maharagwe ya shule, na kwenye safu ya wauza vitunguu alimwona mwanamke mrefu akipanga mafungu, mtoto amelala kwenye gunia nyuma yake.

Alimjua mara moja. Alitaka kupita. Akasimama.

"Mwarimu, chukua vitunguu, vizuri sana hivi," muuzaji wa kando, Nakhungu, alikuwa akimwita. "Njoo, mwarimu, ama unamtaka Mama Kiplimo?"

Chepkemei aliinua macho. Hakushtuka. "Habari, mwalimu," akasema, na akaendelea kupanga.

"Chepkemei. Nimekutafuta," akasema Wekoye. Haikuwa kweli, na wote wawili walijua, kwa hiyo akasema tena. "Sikukutafuta. Nilipaswa. Nataka kukuambia kuhusu siku ile Kibomet. Ni mimi niliyekufundisha lile neno vibaya, na nililijua jioni ile ile, na mama yako alipouliza…"

"Usiniambie mimi, mwalimu," Chepkemei akamkatiza. Hakupandisha sauti. "Mimi si nilikuwepo?"

Wekoye akasogea karibu na mafungu ya vitunguu.

"Mama ndiye hajui. Mpaka leo anajua nilimtukana mtu mzima kwa barua. Walinisimamisha kanisani nikatubu. Nilitubu, ningefanyaje? Nilipoolewa huku chini hakuja. Alisema mtoto mwenye mdomo kama huo atamletea aibu na kwa wakwe pia." Alichukua kitunguu kilichooza, akakitupa kando. "Kiplimo amezaliwa, hakuja. Vita vikaisha, hakuja."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alimtazama sasa, na Wekoye akatamani asingeuliza. "Nilimwambia. Tukiwa njiani kurudi, siku ile ile. Nikamwonyesha daftari tulipofika. Akasema sasa nimeongeza uongo, namsingizia mwalimu wangu. Kwani mwalimu si alikuwa amesema mwenyewe, ni magazeti?"

Mteja alifika, akauliza bei. Chepkemei akamhudumia. Wekoye alisimama pale mikono imelegea mpaka mteja akaondoka, kisha akasema, "Nitapanda huko."

"Panda basi," akasema Chepkemei.

*

Alipanda Ijumaa, kwa pikapu iliyobeba mabati mpaka ikashindwa na mwinuko, kisha kwa miguu. Jentrix alikuwa amemwambia asiende. Mbukusu peke yake, njia ile, bado mapema mno baada ya vita. Alipomweleza kwa nini anakwenda, mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote, mkewe akaenda kumpigia pasi shati.

Jelimo alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka, lakini alimtambua. "Wewe ni yule mwalimu wa Kitale." Akamletea kigoda na kutaka kuinuka akaweke chai.

"Mama, usiweke chai kwanza. Nimekuja na jambo. Ukishalisikia, utaamua kama ni la kunipa chai."

Akamweleza. Hakulipamba. Alitaja Jumanne ile, ubao, kamusi, makofi ya wanafunzi. Alipofika kwenye chumba cha Kibomet alisema, "Uliniuliza nani alimfundisha. Ni mimi. Nilijua ni mimi wakati nakujibu."

Jelimo aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Akaliweka. Hakuchukua lingine.

"Alinionyesha kitabu," akasema. "Mimi sisomi. Nilikitupa kwa moto."

Jelimo akalisukuma lile gunzi kwa mguu.

"Miaka nane, mwalimu. Nilikuwa nikimwombea. Kila siku, Mungu amtoe huyu mtoto ule uongo. Sasa Mungu alikuwa anasikia nini?" Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Wewe umesoma. Kwa nini hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Niliogopa kuchekwa."

"Kuchekwa," Jelimo akarudia, kama mtu anayepima kitu kiganjani akashangaa wepesi wake. Kisha akasimama. "Mimi kuniambia peke yangu haitoshi. Yeye alisimama mbele ya watu. Jumapili utakuja kanisani, usimame pale pale."

Jumapili alirudi. Mzee wa kanisa, Kiptanui, ambaye ndiye aliyemwongoza msichana kwenye toba miaka ile, alimtambulisha kwa maneno machache na kukaa. Wekoye alisimama mbele ya mabenchi yaliyojaa watu wasiomjua, wengi wao wakiwa na sababu zao za kutompenda Mbukusu, akasema yote kwa Kiswahili, na kijana mmoja akatafsiri. Alipofika kwenye maana halisi ya neno, mtafsiri alikwama, akamuuliza anamaanisha nini.

"Mtu anayefanya ubaya, halafu anakutazama usoni bila haya," Wekoye akasema. "Waambie ndivyo nilivyofanya mimi. Si yule binti."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nje, baada ya ibada, watu walipita kando yake bila kumsalimu, isipokuwa Kiptanui, aliyekuja na kofia mkononi na kusema kwamba hata yeye sasa ana safari ya kwenda Chwele.

*

Jelimo alimtangulia. Nakhungu ndiye aliyemsimulia Wekoye walipokutana njiani siku nyingine ya soko, maana yeye mwenyewe hakuthubutu kwenda kuangalia: jinsi mama mzee alivyoshuka kutoka kwenye pikapu na gunia la viazi na kuku wawili, akafika kwenye kibanda cha binti yake, akashindwa kusema, jinsi Chepkemei alivyoacha vitunguu vyake, na wateja wakajipimia wenyewe. Jelimo alikaa siku sita. Alipoondoka, mtoto alilia mpaka akatapika.

Wekoye alingoja majuma mawili kabla ya kwenda kwenye safu ile. Alikuwa ameandika barua kwa metroni Mwihaki, aliyekuwa amestaafu, na kupata jibu la mistari minne: alisikitika, angependa msichana ajue hivyo, lakini chuo hakipokei mtu aliyepita miaka ishirini na mitano. Chepkemei alikuwa na ishirini na saba. Wekoye alimpa barua, akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya jiwe la mizani.

"Kama kuna chuo kingine," akasema Wekoye. "Naweza kuuliza. Naweza kuandika popote."

"Una maneno mengi, mwalimu."

Akainamisha kichwa.

Chepkemei alimfungia vitunguu alivyokuja kununua, akavifunga vizuri, akampa. Hakumpunguzia bei wala hakumwongezea. Jua lilikuwa kali na soko lilikuwa likianza kuchangamka. Mbali, upande wa ng'ombe, watu walikuwa wakibishana kwa sauti.

"Ningekuwa nesi mzuri," akasema. Hakuwa akilalamika. Alisema tu, kama mtu anayemjulisha mwenzake jambo.

"Ungekuwa," akasema Wekoye.

Mama mmoja mwenye kikapu akaja akauliza vitunguu ni vya wapi, na Chepkemei akamgeukia kumjibu.